Aliyenipelekea Samansi Mghange

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatano, mtu wa samansi aliingia katika duka langu la kushona sare za shule hapa Voi, akaitazama saa yake, akaandika kitu katika daftari dogo, kisha ndipo akanisalimu. Saa yake ilisema nne na dakika kumi na saba. Alikuwa ameiweka mbele kwa dakika tano ili asichelewe kortini, na kwa kuwa kila hati aliyoiapia ilitaka saa ya kweli, alikuwa akitoa tano kichwani kila mara. Nilimuuliza kwa nini asiirekebishe tu. Akasema akiirekebisha atachelewa.

Mimi ndiye niliyemwita. Mtoto wangu Wakio, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa amechukuliwa na baba yake likizo ya Aprili kwenda kumsalimia nyanya yake, mama yake baba, kule Mghange mlimani, na sasa ilikuwa Julai. Mimi na baba Wakio tulikuwa tumeachana bila kuachana: yeye alikaa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, mimi nyuma ya duka. Kila nilipopiga simu Mghange, mtoto alikuwa amelala, au ameenda kuona ndama. Nikafungua kesi katika korti ya watoto, nikiomba arudishwe akae nami. Lakini kesi haisogei mpaka mwenzako apewe samansi, karatasi ya kumwita kortini, na baba Wakio alikuwa hapatikani. Ukienda kazini, yuko likizo. Ukienda nyumbani, yuko kazini.

Kesi yenyewe nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu. Sikusoma zaidi ya darasa la nane, lakini nilinunua nakala ya Sheria ya Watoto kwa mtu wa fotokopi, nikaisoma aya moja kila jioni na kamusi ubavuni. Nilipomaliza nilikuwa na madai yenye aya sitini na nne, kila moja na nambari yake. Karani wa korti aliipima kwa mkono kama mtu anayenunua nyama.

“Mama,” akasema, “hii ni kesi au ni katiba?”

Akaigonga muhuri hata hivyo, akaniambia nimtafute mtu wa samansi.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu sikuwahi kumuuliza, na katika kazi yake mwenye kuuliza alikuwa yeye. Jina lake lilikuwa kwenye kila hati, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Kuanzia Voi kupanda Werugha na Mghange, na kuteremka hadi Taveta, aliitwa mtu wa samansi, na watu walipolitamka hilo walipunguza sauti kidogo, kama wanaomtaja mgonjwa aliye chumba cha pili. Kazi yake ilikuwa kupeleka karatasi za korti kwa watu wasiozitaka. Mashamba na madeni yalikuwemo, lakini chakula chake cha kila siku kilikuwa ndoa: nani anamwacha nani, nani atakaa na watoto, nani atalipa karo.

Alivaa koti la kahawia lenye mikono iliyomzidi, hata katika joto la Voi, hata Februari. Karatasi hakuziweka mfukoni. Alizibeba katikati ya vipande viwili vya boksi la sabuni vilivyofungwa kwa mpira, zikafika zimenyooka kama zilivyotoka kwa karani. “Karatasi iliyokunjwa,” aliniambia, “mtu huifungua kama deni.” Kabla ya kuingia boma lolote alisimama njiani akafuta viatu kwa majani.

Alikuwa na kanuni zake. Hakumpa mtu samansi akiwa amesimama. Hakumpa mbele ya watoto, wala akiwa anakamua, wala katika siku za matanga. Hakuingia nyumba ya mlimani mikono mitupu. Alibeba kilo moja ya sukari. Na hakuwahi kutamka neno talaka. Alisema “lile shauri lenu.” Sheria haisemi hivyo popote; nimetafuta. Inataka karatasi ifike, na mtu aape kwamba imefika. Yeye aliitekeleza sheria kama mpishi anayefuata maagizo ya daktari: kila kilichoandikwa alikitia, kisha akaongeza chumvi yake.

Mbwa aliwaogopa kupita kiasi, na kwa sababu hiyo aliwajua wote kwa majina. Mfuko wa kushoto wa koti ulikuwa wa vipande vya mandazi. Nimewahi kumsikia akieleza njia ya kwenda nyumba fulani kwa kutaja mbwa tu: unapita kwa Simba, unamwacha Tarzani mkono wa kulia, ukimsikia Polisi umefika. Mbwa walimpenda. Wenye mbwa ndio waliokuwa taabu.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa Chala ambaye kila alipoliona lile koti la kahawia alivuka mpaka. Shamba lake lilikuwa huku, na nyasi za ng’ombe wa shemeji yake zilikuwa Tanzania, hatua chache tu. Mtu wa samansi hakumfuata. Korti yake iliishia pale, naye akaishia pale. Aliketi juu ya jiwe upande wa Kenya, yule akachuchumaa upande wa pili, wakaongea juu ya bei ya mahindi, juu ya mvua, juu ya tembo waliovunja ua wa jirani.

“Mzee, utachoka,” yule akasema.

“Nimeketi,” akajibu mtu wa samansi.

Ilipofika saa saba mke wa yule mkulima, yuleyule aliyefungua kesi, aliita kutoka jikoni kwamba chakula ki tayari. Chakula kilikuwa Kenya. Mkulima alifikiri kidogo, akarudi, akala, akapokea. Wote watatu walikula pamoja, na katika hati yake ya kiapo mtu wa samansi aliandika mpaka aina ya mboga.

Hapa Voi mjini mambo yalikuwa mengine. Alitumwa siku moja kwa familia moja yenye asili ya pwani, mume akidaiwa matunzo ya watoto watatu. Mlangoni alimkuta mama mzazi wa yule mume, bibi mwenye buibui na kipepeo cha ukili.

“Mwanangu hayupo,” akasema bibi. “Na hata akiwapo, hayupo.”

“Nami sikuja kumwona, bibi. Nimekuja kumngoja.”

“Basi mngojee ndani, baba, usije ukasema sisi hatuna adabu. Lakini jua kwamba hayupo.”

Alingoja, akapewa kahawa na tende. Kikohozi cha yule asiyekuwapo kilisikika chumba cha pili, na wote wawili wakajifanya hawakukisikia. Alipita siku nne mfululizo. Siku ya tano bibi mwenyewe alimtoa mwanawe kwa mkono, akasema kahawa imekwisha.

Jambo ambalo sikuweza kulipatanisha ni kwamba mtu huyu, aliyepeleka shauri katika nyumba nyingi kuliko ugonjwa, alialikwa kila harusi. Zamani alikuwa akitoa zawadi yake ya pesa katika bahasha ya kaki, zile za korti, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Katika harusi moja aliikabidhi mezani, baba wa bibi harusi akaitambua bahasha, akaketi ghafla, na shemasi akakimbia kumtafutia maji. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Tangu siku hiyo alipeleka beseni.

Na nyumbani kwake? Yeye alikaa chumba kimoja Voi, mkewe alikaa Werugha na ng’ombe wawili na vitalu vya kabichi, naye alipanda mwisho wa mwezi. Nilipomzoea nilimuuliza kama wao pia waliachana.

“Hatujaachana,” akasema. “Hatujapata nafasi.”

Ukimwomba ushauri alijibu neno moja daima: “Mimi si wakili.” Ukizidi kumbana aliongeza: “Mimi ni miguu ya korti, mama. Mdomo wake uko kule.” Na akaelekeza kidevu upande wa jengo.

Huyo ndiye niliyemkabidhi mtoto wangu, maana ndivyo nilivyoiona kazi ile. Siku zilipita. Alikwenda shamba la mkonge mara mbili, akaambiwa baba Wakio ameenda Mombasa kufuata vipuri. Mara ya tatu aliamua kupanda Mghange kwenyewe, siku ya Jumamosi, kwa hesabu kwamba hata mtu anayejificha humtembelea mama yake.

Yaliyotokea kule nayajua kwa mdomo wake, kwa mdomo wa mama mkwe wangu, na kwa hati ya kiapo, na zote tatu zinakubaliana, jambo ambalo katika kesi za familia sijaliona tena.

Kwetu, mwanamke akiondoka kwa mumewe, watu wake humtuma mzee mmoja mwenye maneno ya polepole kwenda kufungua mazungumzo. Mzee huyo haendi mikono mitupu, wala hasemi shida yake mlangoni. Sasa fikiria mama mkwe wangu, ameketi nje akichambua maharagwe, anamwona mzee mwenye koti, amefuta viatu, ameshika kilo ya sukari.

“Karibu, mzee,” akasema. “Tulijua mtakuja. Tulishangaa tu mlivyokawia.”

“Njia ni ndefu, mama,” akasema mtu wa samansi. Njia ya kupanda Mghange ni ndefu kweli.

Akaketishwa. Mama mkwe akatuma sauti juu, kwenye migomba, ambako mwanawe alikuwa amepanda mara tu alipoliona koti likipinda kona ya chini.

“Wewe! Teremka! Wakwe zako wamemtuma mtu, na wewe umekaa huko kama tumbili!”

Baba Wakio aliteremka. Alinawa mikono, akala kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, kwa maziwa pamoja na mgeni. Mtoto alipelekwa kwa jirani, kwa maana mazungumzo kama hayo hayasikilizwi na watoto, na hapo kanuni za mtu wa samansi na za mama mkwe zikakutana bila kujuana. Sahani zilipoondolewa, alifungua yale maboksi ya sabuni, akaitoa karatasi, akaeleza kila kitu: ni ya korti, imetoka Voi, inahusu mtoto, tarehe kumi na tisa saa tatu asubuhi. Mama mkwe aliigeuza akauona muhuri.

“Siku hizi wakwe wana muhuri!” akasema, na hakukasirika. Alivutiwa. “Sawa. Tarehe kumi na tisa tutakuja.”

Baba Wakio akaweka sahihi. Mtu wa samansi akaitazama saa yake, akatoa dakika tano, akaandika.

Tarehe kumi na tisa nilifika kortini saa moja na nusu, nimevaa suti niliyoishona mwenyewe, aya zangu sitini na nne mkononi. Askari wa mlangoni alituamuru tuzime simu, nikazima. Kesi yetu iliitwa. Mdaiwa akaitwa mara tatu koridoni, hakuitika mtu. Moyo wangu ulifurahi, nakiri. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu aliyepewa samansi asipofika, kesi yaweza kusikizwa bila yeye.

Hakimu alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Aliichukua hati ya kiapo ya mtu wa samansi, akaisoma, akarudi nyuma akaisoma tena. Kisha akamwita kizimbani.

“Mzee, aya ya saba. Nisomee.”

Mtu wa samansi akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa: “Kwamba mamake mdaiwa alinipokea kama mjumbe wa wakwe, nami sikukanusha papo hapo, kwa kuwa alikuwa ameshaita chakula.”

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

“Ulimweleza mdaiwa kwamba hii ni samansi?”

“Nilimweleza, Mheshimiwa. Baada ya kula.”

“Na kabla ya kula ulimweleza nini?”

“Kabla ya kula sikuulizwa, Mheshimiwa.”

“Kwa maoni yako, alielewa anaitwa wapi?”

Hapo nilimkazia macho. Neno moja tu lilitakiwa, nalo lilikuwa fupi. Yeye alitazama dari, kama anayetafuta pale palipovuja.

“Yeye alielewa maneno, Mheshimiwa. Lakini nyumba ile ilikuwa imeelewa jambo lingine kabla sijafungua mdomo, na sijui ni lipi lililoshinda.”

Hakimu akasema katika shauri la mtoto hataki mzazi ahukumiwe kwa kutoelewa. Akaagiza samansi ipelekwe upya, akatoa tarehe ya mbali ya miezi miwili. Miezi miwili kwa mtoto wa miaka mitano. Nilimfuata nje.

“Mzee, umeniharibia kesi,” nikamwambia pale uani.

“Niliapa, mama Wakio.”

“Hukuulizwa juu ya chakula! Ungeiacha tu hiyo aya ya saba.”

“Ningeiacha, ingekuwa hati ya mtu mwingine.”

“Na mtoto wangu?”

Alirudishia mpira kwenye maboksi yake ya sabuni. Nilimgeuzia mgongo, nikawasha simu ili nisimtukane mtu mzima. Ikaanza kulia kabla sijaiweka sikioni. Alikuwa baba yangu mzazi, aliyekaa Werugha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupiga mara nyingi.

“Uko wapi wewe?”

“Kortini, baba.”

“Unafanya nini kortini? Watu kumi na mmoja wamekaa hapa kwangu tangu saa tatu. Wamekunywa chai mara mbili. Mume wako yuko hapa, mama yake yuko hapa, na sina cha kuwaambia kwa sababu hakuna aliyeniambia kuna mazungumzo. Na huyu mtoto amelala hapa mapajani mwangu, mguu wangu umekufa ganzi.”

Walikuwa wameitika. Walielewa wameitwa, na mtu akiitwa na wakwe haendi kortini. Huenda nyumbani kwa baba wa mke. Walikuwa wameondoka Mghange alfajiri, wamevaa vizuri, na mtoto wakambeba kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa jambo lenyewe. Asubuhi ile nilipokuwa Voi nikiiomba serikali inirudishie Wakio, Wakio alikuwa amelala nyumbani kwetu. Simu yangu ilikuwa imezimwa kwa amri ya korti.

Nilifika Werugha saa tisa, ukungu umeshuka mpaka kwenye kabichi. Mama mkwe hakunisalimu. Alianza na lawama.

“Mbona hukusema tu unamtaka mtoto? Miezi yote hii unapiga simu, unauliza amekula nini. Ukanyamaza, ukaenda kuandika.”

Baba Wakio aliinamisha kichwa. Alisema alikuwa akikimbia kwa sababu alidhani ninaufuata mshahara wake. Sikuwa nimeufuata, ulikuwa katika aya ya hamsini na moja tu. Mambo yalikwisha kabla ya giza: Wakio angekaa nami Voi siku za shule, na likizo zote angekwenda Mghange. Jioni ile niliteremka naye, amelala begani, ananuka moshi wa kuni na maziwa.

Tuliyapeleka makubaliano kortini, hakimu akayafanya amri. Ilichukua dakika nne. Aya zangu hakuna aliyezisoma, wakati ule wala baadaye. Mwaka uliofuata nilifungua shauri la talaka yenyewe, na safari hii baba Wakio alikuja mwenyewe kwa mtu wa samansi, akamwambia, “Nimesikia unanitafuta, mzee. Nipe tu, usipande.” Nilipotaka kumshukuru mtu wa samansi kwa yaliyotokea Werugha, alishangaa. Katika daftari lake siku ile ya Mghange ilikuwa na neno moja, “imefika,” na siku ya kortini ilikuwa na neno jingine, “imerudishwa.” Kwa hesabu yake alikuwa ameshindwa kazi. Hata nauli ya safari ya pili ambayo haikuhitajika tena alinirejeshea, nikamkatalia, akaiacha chini ya mkasi.

Miaka ikapita, na samansi zikaanza kutumwa kwa simu. Mawakili vijana walituma picha ya karatasi, wakaona alama kwamba imesomwa, wakaapa. Kazi yake ikapungua. Alilichukua jambo hilo kwa utulivu, isipokuwa kwamba alilisema kila siku. “Simu haioni kama mtu analia,” alisema. Nilimwambia kwamba hata yeye alipoona mtu analia alimpa karatasi vilevile. “Ndiyo,” akasema, “lakini niliona.” Baadaye nikasikia ameacha, amepanda Werugha moja kwa moja. Mkewe, walisema, alimpokea kwa masharti.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Januari iliyopita, wiki ya kufunguliwa shule, wakati ambapo fundi wa sare hana nafasi ya kukohoa. Wakio, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, alikuwa amerudi kutoka Mghange siku mbili nyuma, anashona vifungo mlangoni. Niliinua macho nikaona koti la kahawia likivuka barabara polepole, fimbo mkononi, na chini ya kwapa, maboksi ya sabuni.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilijua samansi ni nini, nilijua kuikimbia hakuifuti, ningeweza kutaja kanuni. Niliweka chini mkasi, nikamwambia Wakio, “Mwambie sipo,” nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Nilisikia fimbo yake kwenye sakafu.

“Mama yuko?”

“Yuko nyuma ya pazia, mzee,” akasema mwanangu.

“Asante. Nitamngoja.”

Akavuta kiti. Nilisimama pale na sketi tatu za kijani kichwani, nikasikia anavyopumua baada ya kutembea. Nilitoka nilipoona aibu ya kukaa imezidi ya kutoka.

“Mzee, si uliacha kazi?”

“Niliacha. Baba Wakio alikuja kwangu, akaniomba hii moja. Nikamwambia siku hizi ni simu. Akasema ameagizwa isije kwa simu.”

“Ameagizwa na nani?”

Mtu wa samansi akaitazama saa yake, akaandika. Wakio alikata uzi kwa meno.

“Na mimi,” akasema.

Lilikuwa ombi la kubadilisha ile amri. Wakio akae Mghange kwa nyanya yake, asome kule, na likizo ndizo ziwe zangu. Sababu zilikuwa tatu, kwa herufi kubwa: macho ya nyanya yanafifia, kuna shule karibu, na mtoto mwenyewe amependa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi.

“Ulijua inasema hivi?” nikamuuliza Wakio.

“Nilijua, mama. Baba alitaka kukupigia. Nikamwambia asikupigie, utakataa kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia alete karatasi, maana karatasi utaisoma mpaka mwisho.”

“Hapa umekosa nini?”

“Sijakosa kitu. Nyanya akitia chumvi siku hizi anatia mara mbili, hajui kama ametia. Na kule ng’ombe wangu anazaa Machi.” Akaokota kifungo kilichoanguka. “Mimi sikuhami, mama. Nabadilisha tu mahali pa likizo.”

Nilimgeukia mtu wa samansi. Nilitaka aseme kitu. Alikuwa amepita katika nyumba nyingi mno asiweze kukosa la kusema.

“Mzee, wewe ungefanya nini?”

“Mimi si wakili, mama Wakio.” Akanipa kalamu. “Weka sahihi hapa. Hii ni kuonyesha umepokea, si kuonyesha umekubali. Nimewaeleza watu tofauti hiyo miaka yote, na hakuna aliyewahi kuniamini.”

Niliweka sahihi. Alikunywa chai, akamuuliza Wakio jina la huyo ng’ombe, akaenda zake kabla jua halijawa kali.

Kesho yake nilikwenda kwa wakili mmoja hapa mjini, mara ya kwanza maishani mwangu, nikauliza kupinga ombi kama lile kunagharimu kiasi gani. Aliniandikia kwenye karatasi ndogo. Pesa nilikuwa nazo. Nilirudi dukani nikakaa na ile karatasi mpaka saa ya kufunga, kisha nikamwita Wakio, nikampima upya: kifua, mkono, bega hadi kiuno. Sweta za Mghange hutakiwa ziwe nzito, na mikono nilimwachia inchi mbili za kukulia. Mbele ya hakimu nilisema nakubali. Alikuwa hakimu mwingine, naye hakuchukua hata dakika nne.

Sikupinga, kwa hiyo sikumlipa wakili. Niliokoa shilingi elfu arobaini na tano.